Kifutio kando ya mto: uchambuzi wa ziara moja ya jiografia

Karatasi ninayo hadi leo. Ukiishika mbele ya dirisha, chini ya namba 41 unaona 17. Mwandishi wa kundi alikuwa na mkono mzito. Kifutio kiliondoa weusi wa penseli lakini alama ya ncha ikabaki imezama kwenye karatasi. Hizo 17 ni sekunde ambazo kijiti kilitumia kuelea mita 10 katika kituo cha mwisho cha ziara yetu. Aliyemwambia mwanafunzi yule kwamba hazifai ni mimi.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu, kwa vigezo tunavyovitumia shuleni siku zote, ziara ile ilifaulu. Basi liliondoka kwa wakati, hakuna aliyeumia, karatasi zote zilirudi zimejazwa, ripoti zilikuwa nadhifu, picha zikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nilipongezwa. Kasoro yake ilikaa mahali ambapo hakuna mtu huwa anatazama.

Tulivyojiandaa

Walikuwa wanafunzi 38 wa kidato cha tatu, walimu watatu, mto mdogo unaoanzia milimani, na siku moja tu. Tulichagua vituo vitatu: cha juu penye mawe, cha kati, na cha chini kwenye tambarare, kilomita 9 hivi kutoka cha kwanza. Njiani vijito kadhaa huingia mtoni. Makundi yalikuwa sita, na kila moja lilipewa tepu, rula ya mita moja, stopwochi na vijiti vya kuelea. Kanuni ya usalama ilikuwa moja: maji yakipita goti, mwanafunzi haingii, anayeingia kupima kina ni mwalimu mwenye kamba kiunoni.

Wiki mbili kabla nilikuwa nimemaliza mada ya mto darasani kwa namna nilivyofundishwa mimi mwenyewe: mto una ujana, ukomavu na uzee. Lugha hiyo inatokana na William Morris Davis, mwanajiografia wa Marekani, ambaye mwaka 1899 alieleza jinsi sura ya nchi inavyopita katika umri wake kwa muda mrefu mno. Vitabu vya shule vikauchukua umri huo vikaugawa juu ya mto mmoja: kipande cha juu kijana, cha chini mzee. Ni lugha tamu kufundishia. Kila mtu anajua kijana anavyotembea na mzee anavyojikongoja, kwa hiyo ukishasema "ujana" huna haja ya kusema "mbio". Darasa linamalizia lenyewe.

Chini ya jedwali la kujaza niliweka swali hili: "Kwa kutumia vipimo vyako, thibitisha kwamba kasi ya maji hupungua kadiri mto unavyoelekea chini." Nililiandika usiku, pengine kwa dakika moja, huku nikihesabu nakala za kuchapa.

Mtoni

Kituo cha kwanza kilituponyoka. Walishuka kwenye basi wakatawanyika: wengine wakarukaruka juu ya mawe, wengine wakapiga picha, mmoja kiatu chake kikachukuliwa na maji na nusu ya darasa ikakifukuza. Nilipaza sauti mpaka ikakauka. Moyoni niliandika "utovu wa nidhamu" na nikaendelea kuliamini hilo kwa muda mrefu.

Baadaye nilijifunza kwamba jambo hilo lina watu waliolichunguza. Mwaka 1978 John Falk na wenzake wawili, Martin na Balling, walionyesha kwamba mtoto aliyepelekwa mahali pageni kwake hutumia akili yake kwanza kupazoea mahali penyewe, na kazi aliyopewa hupata kinachobaki. Mwaka 1994 Nir Orion na Avi Hofstein, waliofuatilia wanafunzi wa sekondari katika ziara za jiolojia, waliugawa ugeni huo mafungu matatu. Kuna ugeni wa maarifa na stadi za kazi yenyewe, ugeni wa mahali, na ugeni wa siku: tunafanya nini, kwa muda gani, tunapumzika lini. Waliokwisha kupunguziwa ugeni kabla ya kuondoka ndio waliojifunza zaidi.

Wanafunzi wangu walikuwa wageni kwa mafungu yote matatu. Hakuna aliyewahi kupima kasi ya kitu chochote kinachoelea, hata kwenye beseni. Hawakuwa wameona picha ya pale. Ratiba ya siku ilikuwa kichwani mwangu. Yule aliyeniuliza mara ya tatu, "Mwalimu, choo kiko wapi?" hakuwa mkorofi, na wala hakuwa na nafasi ya kufikiria kasi ya maji.

Hata hivyo vipimo vilipatikana. Kundi ninalolisimulia lilikuwa la wasichana wanne na wavulana wawili. Msichana mmoja alipewa jukumu la kutembea ukingoni sambamba na kijiti ili apige kelele kikifika kwenye alama. Juu, alitembea akasimama, akatembea akasimama, akikisubiri kijiti kilichozunguka nyuma ya jiwe kama kimesahau njia. Sekunde 29, kisha 34, kisha 33.

Kituo cha chini mto ulikuwa mpana, wa rangi ya udongo, umenyamaza. Hauna povu, hauna mngurumo. Ukiutazama harakaharaka ungesema umesimama. Kijiti kikatupwa katikati. Msichana akaanza kwa kutembea, akaongeza hatua, mita tatu za mwisho akakimbia akiwa ameshika sketi. "Kimenipita!" Sekunde 16. Wakarudia: 18. Wakarudia: 17.

"Mwalimu," mwandishi akaniita, "huku ni haraka zaidi."

Nilikuwa nahesabu vichwa karibu na basi. Nikamjibu bila kugeuka, kwa sauti ya kusikika na makundi yote: "Haiwezekani. Mmechelewa kubonyeza stopwochi. Angalieni tena."

Hawakupima tena, kwa sababu dereva alikuwa ameshawasha injini. Walichofanya ni kile ambacho mwanafunzi yeyote mwerevu angefanya: walilitazama swali, wakazitazama namba zao, wakajua kipi kati ya hivyo viwili kina alama. Kifutio kikapita mkono kwa mkono. Makundi matano kati ya sita yalirudi shuleni na mto unaopungua kasi kwa utaratibu mzuri, na grafu zao ziliteremka kama kwenye kitabu. Kundi la sita liliacha namba zake kama zilivyo, likaweka alama ya kuuliza pembeni. Nililipa alama ya chini kuliko yote. Kwa kalamu nyekundu niliandika: "Rudieni hesabu."

Walichokuwa wamekiona

Wiki tatu baadaye, wakati wa kurudishiana karatasi, yule msichana wa ukingoni alinyoosha mkono. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu: "Mwalimu, kama mto mzee ni mpole, mbona mimi nilikimbia?"

Nilimwambia nitamjibu kesho yake. Ilinichukua zaidi ya kesho.

Nilichokikuta ni cha zamani, na hilo ndilo lililoniuma. Mwaka 1953 Luna Leopold, mtaalamu wa mito wa Marekani, alichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba katika mito mingi wastani wa kasi ya maji haupungui kuelekea chini, bali huongezeka kidogo. Mwaka huohuo, pamoja na Thomas Maddock, alitoa uhusiano ambao unaweza kuwekwa hivi: ujazo wa maji unaopita kwa sekunde ukiongezeka mara 10 tunapoteremka na mto, upana huongezeka karibu mara 3.2, kina mara 2.5, na kasi mara 1.26. Zidisha hizo tatu uone zinarudi kwenye 10. Ni wastani, na mto mmojammoja una tabia zake, lakini mwelekeo ni ule uliomkimbiza mwanafunzi wangu.

Sababu yake inaeleweka bila shida ukiisoma katika kanuni ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland aliyeiwasilisha mwaka 1889. Kasi inategemea mambo matatu: mteremko, kina cha maji, na mkwaruzo wa sakafu na kingo. Kosa letu la darasani ni kuuona mteremko peke yake. Kweli, mteremko hupungua kuelekea chini, lakini katika kanuni hiyo unaingia kwa kipeuo cha pili tu: ukipungua hadi robo, unaishusha kasi hadi nusu. Kina kikiongezeka mara nne, kinaipandisha kasi karibu mara 2.5. Juu ya hayo, sakafu ya mawe makubwa milimani hupewa kipimo cha mkwaruzo cha 0.05 hivi, wakati mfereji safi ulionyooka wa tambarare uko kwenye 0.03. Maji machache kwenye mawe mengi hujigonga, huzunguka, hurudi nyuma, na nguvu yao huishia kwenye povu na kelele. Maji mengi kwenye mfereji laini hayana kinachoyashika.

Nilipolieleza hili darasani, mvulana mmoja wa kundi la sita, lile la alama ya kuuliza, alisema kwa sauti ya chini: "Kimya kingi kina mshindo mkuu." Darasa likacheka. Ni maelezo bora ya mada ile kuliko yote niliyowahi kuyatoa.

Tukazirudisha namba zilizofutwa, kwa kuzisoma dirishani kama nilivyosema. Juu: wastani wa sekunde 32, yaani mita 0.31 kwa sekunde. Kwa kuwa maji ya usoni mwa mto hukimbia kuliko yaliyo chini yake, wapimaji huzidisha kasi ya kitu kinachoelea kwa 0.85, tukapata 0.27. Chini: sekunde 17, mita 0.59 kwa sekunde, na baada ya masahihisho 0.50. Upana ulikuwa mita 2.4 juu na mita 6 chini. Wastani wa kina mita 0.20 juu na 0.45 chini. Ukizidisha, ujazo wa juu ni mita za ujazo 0.13 kwa sekunde na wa chini 1.35. Umeongezeka takriban mara 10.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulitegemea. Kwa mara 10 za ujazo, Leopold na Maddock wangetazamia kasi ipande mara 1.26. Yetu ilipanda karibu mara 1.9. Nilitaka kuliacha hilo lipite, maana tayari tulikuwa na jibu zuri. Wanafunzi hawakuliacha. Walirudi kwenye upana: ulitakiwa uongezeke zaidi ya mara 3, wetu umeongezeka mara 2.5 tu. Mmoja akakumbuka kwamba kituo cha chini tulikichagua kwa sababu basi lingeweza kuegesha, na basi liliegesha hapo kwa sababu kuna daraja, na daraja lilijengwa hapo kwa sababu mto umebanwa. Maji yaleyale yakipita penye wembamba lazima yaongeze kasi. Kwa hiyo sehemu ya zile sekunde 17 ilikuwa tabia ya mto, na sehemu ilikuwa tabia ya maegesho.

Hayo yote yalikuwemo kwenye karatasi siku ileile ya ziara. Tuliyafuta kwenye basi.

Kwa nini kifutio kilishinda

Mwalimu mwenzangu, niliposimulia, alisema tatizo lilikuwa ujinga wangu wa mada. Ningekuwa nimesoma, nisingewaambia wafute. Ni kweli, lakini haitoshi. Tuseme ningekuwa na maarifa sahihi, na kundi moja likapata kasi kubwa juu kwa sababu limepima mahali maalumu. Kwa mpangilio uleule ningewaambia vilevile: haiwezekani, angalieni tena. Wangefuta tena, safari hii kuelekea jibu langu jipya. Ujinga ulichagua tu upande wa kufutia.

Mimi lawama kubwa naiweka kwenye kitenzi kimoja: thibitisha. Mtu aliyetumwa kuthibitisha amekwisha kuambiwa alete nini. Mto ukimpa kingine, mto ndio uliokosea, au mkono wake. Tuliwasafirisha vijana 38 na kuwasimamisha kwenye maji ili wakasome sentensi iliyokuwa mgongoni mwao tangu darasani. Neno "pima" lingetosha. Hata "je" lingetosha.

Halafu kuna penseli. Inaonekana jambo dogo, lakini chombo cha kuandikia kina maadili yake. Kwenye maabara na kazi za uwandani za watafiti, namba iliyokosewa hukatwa mstari mmoja na kubaki ikisomeka, ili kesho mtu aulize kwa nini ilikatwa. Sisi tuliwapa penseli "ili kazi iwe safi". Usafi huo ndio uliochukua ushahidi.

Na kuna alama. Nilikuwa natoa alama kwa grafu inayoteremka. Kundi la sita lilipata funzo kamili: ukiona tofauti na kitabu, nyamaza.

Kuna wanaosema ziara faida yake ni hamasa, watoto wametoka, wamepumua, wamependa somo, mengine ni ziada. Siibezi hamasa. Lakini wale wa kifutio walirudi wamehamasika vizuri tu, wakiimba ndani ya basi, huku wamejifunza kwamba kuona kwao hakuhesabiki.

Swali la mtihani lilijitokeza, kama linavyojitokeza daima. Mzazi mmoja aliniuliza mwanawe ajibu nini akikutana na swali la kasi ya mto. Nilimjibu kwamba michoro ya sasa inayoonyesha mabadiliko ya mto kuelekea chini huonyesha kasi ikipanda, na kwamba mwanawe aandike sababu pamoja na jibu: kina, mkwaruzo, mteremko. Hilo lilikwisha hapo.

Mwaka uliofuata

Mpango wa ziara ya pili ulibadilika sehemu chache, na nyingine ni za aibu kwa udogo wake. Wiki moja kabla, tulipima vijiti vikielea kwenye mfereji wa maji ya mvua nyuma ya madarasa, mpaka kila mmoja akajua kubonyeza stopwochi bila kuuliza. Niliwaonyesha picha za vituo vyote. Ratiba ilibandikwa ukutani, pamoja na choo. Mtoni tulianza na dakika 15 za kuchezea maji, zimeandikwa kwenye ratiba kama kazi nyingine yoyote. Zilipoisha walikuwa wao wanaouliza tunaanza lini.

Penseli zilibaki shuleni. Kila mmoja aliandika kwa kalamu, kabla ya kupanda basi, anadhani wapi maji yanakwenda kasi na kwa nini. Walio wengi walisema juu. Kituo cha kati kilifutwa ili tupate muda wa kurudia vipimo, jambo lililoniuma maana kina mandhari nzuri kuliko vyote. Kituo cha chini tulikisogeza mita 200 kutoka darajani, kwa miguu, na vyombo mabegani. Na swali kwenye karatasi lilisomeka: "Maji yana kasi zaidi wapi? Kama umeshangaa, ni nini kilichokushangaza?"

Nilidhani nimekwisha kutibu ugonjwa. Kisha, tukiwa bado kituo cha juu, kundi moja likaniletea sekunde 11. Kumi na moja, wakati makundi mengine yalikuwa kwenye thelathini na kitu. Nilihisi maneno yaleyale yakinipanda kooni, neno kwa neno: haiwezekani, mmechelewa kubonyeza.

Nikauliza: "Mmepima wapi?"

"Pale, Mwalimu, chini ya kiporomoko."

Twende tukapaone, nikasema. Palikuwa na hatua ya mwamba, kama urefu wa mkono, maji yanatumbukia na kutoka kama yametupwa. Kijiti chao hakikuwa na kosa. Mvulana aliyeshika tepu alikuwa tayari ameshuka mita 10 zaidi, anaita wenzake wapime hapo pia waone kasi hiyo inafia wapi. Dereva akapiga honi mara ya kwanza. Mwandishi wa kundi akainua kalamu, akakata mstari mmoja juu ya kichwa cha safu kilichosema "Kituo cha juu", na chini yake akaandika "Juu (a)", akaacha nafasi ya (b).